Lisilopita Ndoo Haliondoki

Kuna watu ukiwatajia safari, mawazo yao yanakimbilia nguo, viatu na picha watakazopiga njiani. Yule fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Breki, ukimtajia safari, mawazo yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mteremko. Usimcheke. Na wewe ungekaa miaka thelathini na moja chini ya matumbo ya magari, ukichomoa pedi zilizolika mpaka chuma kinakutazama, huku mwenye gari amesimama pembeni anakuambia "lilikuwa linapiga kelele kidogo tu, fundi," ungekuwa hivyo hivyo. Au ungekuwa mbaya zaidi, maana yeye angalau alikuwa analala.

Gereji yake ilikuwa kibanda cha mabati chenye sakafu ya saruji iliyokunywa mafuta machafu mpaka ikawa nyeusi tii. Spana zilitundikwa ukutani kwa kufuata ukubwa, na nyuma ya kila moja kulikuwa na mchoro wake wa rangi nyeupe, ili ikichukuliwa ukuta wenyewe useme. Ukuta mmoja aligawana na Mama Viti, mshonaji wa viti vya magari, mwanamke mwenye cherehani ya miguu na mdomo wa umeme. Kwa pamoja hao wawili walijua siri za kila gari la mtaa, Mama Viti akijua za juu na Breki akijua za chini.

Nyuma ya gereji palikuwa na barabara ya udongo iliyonyooka, imepakana na ukuta wa ghala lisilotumika. Hapo ndipo ilipokuwa mahakama ya Breki. Alichora mstari wa chokaa kukata barabara, akahesabu hatua kumi na mbili mbele yake, kisha akaweka ndoo ya bluu iliyojaa maji pomoni. Gari linakuja mwendo wa arobaini. Tairi za mbele zikigusa chokaa, dereva anakanyaga. Likisimama kabla ya ndoo, mwenyewe anakabidhiwa funguo. Likiimwaga, linarudi kibandani hata kama mwenyewe ni mkuu wa polisi, na kweli siku moja alikuwa mkuu wa polisi, akarudi kwake kwa miguu. Mtaani hawakuulizana kama gari limetengenezwa. Waliulizana kama limepita ndoo. Na ndoo ilikuwa ile ile tangu mwanzo, mpini wake umeshafungwa waya mara mbili, na Breki aliitunza kuliko watu fulani wanavyotunza ndoa zao. Siwataji, wanajijua.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye ambaye familia yake ilimpa kazi ya kupanga safari ya nchi jirani.

Sababu ya safari ilikuwa Mama yao. Kitinda mimba wake alikuwa amevuka mpaka miaka tisa iliyopita kufuata kazi, akaolewa huko huko, na sasa alikuwa amejifungua pacha. Mama aliwaona wale watoto kwenye simu kila jioni, akawaimbia, akawabusu, mpaka siku moja akaiweka simu mezani kifudifudi akasema, "Nimechoka kubusu kioo. Nipelekeni."

"Mama, miguu yako," alisema mtoto wake wa kike, Dada wa Katikati, ambaye ni karani wa shule na anapenda mambo yaende kwa utaratibu.

"Miguu ndiyo itakayowabeba hao watoto? Nitawabeba kwa mikono."

Ndege hakutaka hata kuisikia. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na alisema hapandi kitu ambacho kikiharibika huwezi kushuka ukasubiri kando. Kwa hiyo barabara. Siku mbili, watu wanane: Mama, kaka yao mkubwa na mkewe, Breki na mkewe, Dada wa Katikati na binti zake wawili.

Breki akanunua daftari. Ukurasa wa kwanza akaandika kwa herufi kubwa HATARI, akapiga mstari chini kwa rula, kisha akaanza kuhesabu. Ndani ya wiki mbili alifika arobaini. Namba moja ilikuwa tairi. Namba saba: ukivuka mpaka, magari ya huko yanapita kulia, na akili iliyozoea kushoto humsaliti dereva pale anapochoka. Namba kumi na mbili: bima ya huku haiishi huko, na ukigongwa bila karatasi wewe ndiye mkosaji. Namba kumi na tisa: Mama akibanwa haja mahali pasipo na mahali. Namba ishirini na sita, aliyoizungushia wino mwekundu, ilikuwa ule mteremko wa upande wa pili, kilomita kumi na nane za kushuka zikipinda kama utumbo, ambako malori yanachemsha breki mpaka yanatoa moshi, na wenye barabara wamejenga vichochoro vya mchanga pembeni kwa ajili ya gari lililokwisha kukata tamaa.

"Wewe hupangi safari," mkewe alimwambia asubuhi moja akimmiminia chai. "Unapanga msiba."

"Ninapanga tusiwe nao."

"Basi andika na namba arobaini na moja. Unaijua."

Breki akameza chai ya moto bila kupuliza. Aliijua. Aliijua tangu mwezi uliopita.

Namba arobaini na moja ilikuwa kaka yake.

Huyo kaka mkubwa alikuwa dereva mstaafu wa mabasi ya masafa. Watu walimwita Nahodha. Aliendesha miaka thelathini na nne bila kumkwaruza hata kuku, na jambo hilo alilitaja kila alipopewa nafasi, na asipopewa alijitafutia. Baba yao alipofariki, Nahodha ndiye aliyemfundisha Breki kufunga kamba za viatu, ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kwa fundi wake wa kwanza, akasema, "Huyu ni wangu, mfundishe kama wako." Alipostaafu alijinunulia basi dogo la viti kumi na vinne, jeupe, analipangusa kuliko miwani. Na miwani yenyewe hakuwa nayo, hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Mwezi uliopita Breki alikuwa anatembea naye kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba. Nahodha akasimama, akavua kofia, akasema kwa heshima zote, "Habari za asubuhi, mama." Aliyesalimiwa hakuitikia. Lilikuwa gauni la jirani, limeanikwa kwenye kamba.

"Kanuna leo," Nahodha akasema, akaendelea kutembea.

Breki alicheka. Alicheka hatua tano, ya sita akaacha.

Kikao cha familia kilifanyika Jumapili mchana sebuleni kwa Mama. Wakakaa wote kuzunguka meza ndogo, ramani imetandazwa, ukingo mmoja umebanwa na bakuli la sukari. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha mikono, mkoba wake wa safari umeshafungwa zipu tangu wiki iliyopita.

"Mimi sihitaji ramani," Nahodha alisema, kidole kikitembea juu ya karatasi. "Tunatoka hapa asubuhi, saa sita tuko mtoni, tunavuka kwa pantoni, saa kumi mpakani."

Binti mdogo wa Dada akainama. "Mjomba, hapo mtoni wameandika daraja."

"Wapi?"

"Hapo hapo chini ya kidole chako. Limeandikwa kubwa."

Nahodha akaondoa kidole. "Daraja, pantoni, yote ni kuvuka." Watu wakacheka. Mke wa Nahodha hakucheka. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza na kukikunjua.

Breki akasoma daftari lake, na familia ikamtania kama kawaida. Kwenye namba kumi na tisa Mama akasema, "Mimi nilizaa sita shambani, leo unaniogopea kichaka?" Kwenye vichochoro vya mchanga Dada akamwomba aruke ukurasa maana watoto wanasikia. Alipofika mwisho alifunga daftari haraka, lakini karani ni karani.

"Lete nione," Dada akasema. Akafunua. "Mbona hapa umeandika DEREVA halafu chini hakuna kitu?"

Breki alifungua mdomo. Akamwona kaka yake ameketi wima kama yuko nyuma ya usukani, kidevu juu, anasubiri kwa tabasamu.

"Hakuna kitu kwa sababu dereva ni mimi," Nahodha akasema. "Hapo hatari hakuna. Andika: salama."

Na Breki akaandika: salama. Mwandiko ukatoka kama wa mtu anayeandika ndani ya gari.

Alipokuwa anatoka, mke wa Nahodha alimsindikiza mpaka mlangoni. Alizungumza huku anatazama maua.

"Shemeji, hilo basi dogo ulifanyie kazi taratibu. Likichelewa kupona, mimi sitalalamika."

"Shemeji, kwani..."

"Nimesema taratibu," akarudi ndani.

Hebu fikiria mwenyewe. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Wote walikuwa tayari kukagua tairi, karatasi, mpaka na matumbo ya watu, ila macho ya Nahodha hakuna aliyethubutu kuyakagua, maana ungeanzaje? Mtu ambaye alikuwa anakuonyesha gari linatoka wapi ukiwa mdogo usivuke, leo umwambie haoni? Mkewe Breki yeye aliona ni jambo jepesi.

"Mwambie."

"Nimwambieje?"

"Kwa mdomo."

Lakini huyo hakufungwa kamba za viatu na Nahodha.

Breki alilishughulikia lile basi dogo siku sita. Alibadilisha pedi za mbele, akafungua ngoma za nyuma, akapiga msasa, akamimina mafuta ya breki mapya mpaka tone la mwisho la zamani likatoka. Kila alipofunga nati alikuwa anajiambia labda amekosea, labda gauni lile kweli lilifanana na mtu. Siku ya saba Nahodha akaja, amevaa shati lake la zamani la kazi lenye mifuko miwili.

"Leo napita ndoo," akamtangazia Mama Viti. "Njoo uone dereva, siku hizi kuna washika usukani tu."

"Nakuja kaka," Mama Viti akasema, futi ya kupimia shingoni. "Ila ukiimwaga utanichotea maji mwenyewe."

Kwa kawaida Breki ndiye aliyeendesha majaribio. Siku hiyo Nahodha alikataa. "Gari langu, mguu wangu." Breki akaenda kuchora mstari. Mstari wa siku zote ulikuwa mwembamba kama mkanda wa suruali. Huu aliupaka shibiri mbili kwa upana, akarudia mara ya pili, chokaa ikawaka kwenye udongo mwekundu mpaka ukiitazama unakunja uso. Mama Viti alimwangalia anavyopaka, akatulia. Si kawaida yake kutulia. Pembeni alikuwa amesimama mwenye pikapu ya matofali, aliyekuja kuchukua zamu, na wapita njia wawili ambao hawakuwa na haraka ya maisha.

Breki akaketi kiti cha pembeni, akafunga mkanda.

Gari likaondoka. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, laini kama mtu anayekunja shuka. Kwa mikono na miguu, mwacheni Nahodha. Mshale ukapanda: thelathini, thelathini na tano, arobaini. Breki akatazama chokaa, inakuja, nyeupe, pana. Akatazama mguu wa kaka yake. Mguu umetulia juu ya mafuta. Kanyaga, akasema moyoni. Kanyaga sasa, kaka. Chokaa ikapita chini yao na mguu bado umetulia, na Nahodha anatazama mbele kwa uso mkunjufu wa mtu anayesubiri kuona kitu.

"Kaka!"

Paa!

Hapo ndipo mguu uliporuka. Na gari, nakuapia, lilisimama papo hapo, wote wawili wakaning'inia kwenye mikanda. Hazikuwahi kufungwa breki kali kama zile. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye kioo. Vipande vya bluu vilikuwa kila mahali, na mpini wenye waya ulikuwa umening'inia kwenye taa ya kulia.

Nahodha alishusha kioo cha dirisha. Watu walikuwa wamekwisha kusogea.

"Breki zako mbovu!" alisema kwa sauti, sauti ya stendi. "Nimekanyaga, hazikushika!"

Kila mtu akamgeukia Breki.

Wengine hapa wangekuambia fundi alifikiri sana. Hakufikiri sana, hakukuwa na nafasi. Aliona vitu viwili tu. Aliona kaka yake akivuliwa nguo hadharani mbele ya mwenye matofali. Na aliona ule mteremko, wanane ndani, Mama na mkoba wake kiti cha nyuma ya dereva, kona inakuja upande usiozoeleka, na mguu umetulia.

"Ni kweli," akasema. "Hazikushika. Kosa langu. Gari hili haliendi safari."

"Unasema?" Mama Viti alisema.

"Kuna kifaa lazima kiagizwe. Mwezi mmoja. Labda miwili."

Mwenye pikapu akamtazama, akatazama vipande vya ndoo, akaomba funguo zake. "Mimi nitapita siku nyingine, fundi," akasema, na wote wanaojua maneno ya wateja wanajua siku nyingine ni lini. Nahodha aliondoka kwa miguu bila kuaga, akitembea katikati kabisa ya barabara.

Walipobaki wawili, Mama Viti aliokota kipande cha ndoo.

"Nilikuwa nyuma ya gari," akasema. "Taa za nyuma hazikuwaka. Mguu ungekanyaga zingewaka, breki zishike zisishike. Ziliwaka ndoo ikiwa marehemu."

"Umeona vibaya."

"Mimi? Mimi natunga uzi kwenye sindano bila miwani."

"Mama Viti, nakuomba."

"Mimi nashona viti. Midomo sijawahi kuishona, wala wangu." Kisha akaona uso wake, akashusha sauti. "Haya. Huu nitautia kiraka. Lakini watakumaliza, mwanangu."

Na kweli walianza. Mtaa ambao miaka thelathini na moja uliulizana kama gari limepita ndoo, sasa uliulizana kama ndoo imepita gari. Kibanda kikapoa. Breki alifagia sakafu iliyofagiwa, akapanga spana zilizopangwa. Lakini nusu ya hofu yake ilikuwa imeondoka: kaka haendeshi.

Nafuu hiyo ilidumu siku nne.

Siku ya tano Dada wa Katikati alileta habari kwa Mama. Amepata gari la kukodi, la mwanamke mmoja mfupi anayeliendesha mwenyewe, mzoefu wa kuvuka mpaka, watu wanamwita Madamu. Alikuwa naye pale pale uani, basi dogo la kijani limeegeshwa getini.

Breki akapumua. Akatoka, akapiga magoti kando ya tairi la mbele, akachungulia.

"Wewe, simama," Madamu akasema. "Unatafuta nini huko?"

"Naangalia pedi tu, Madamu. Ukiniachia saa moja, nikalipitisha pale kwangu..."

"Kwako ambako ndoo zinakufa? Nimesikia. Gari langu lina fundi wake."

Breki akamgeukia dada yake. Dada akatazama pembeni. "Kaka, usikasirike. Lakini kwa yaliyotokea, si afadhali tuache tu? Ungetuua wote."

Hapo ndipo alipoona alichojifanyia. Amemtoa kaka kwenye usukani, sawa, lakini amejitoa na yeye chini ya gari. Mama yake atashushwa kilomita kumi na nane na breki ambazo hazijui, hajazigusa, hajazinusa, na mdomo wake ambao ungeweza kudai umeshatoa ushahidi dhidi ya mikono yake. Aliiona ngoma ya nyuma kutoka alipopiga magoti. Pembeni yake, kwa ndani ya tairi, palikuwa na unyevu. Ungeweza kuwa maji ya kuoshea. Ungeweza kuwa mafuta.

"Dada, nakuomba. Saa moja."

"Madamu amekataa."

"Basi mimi siendi. Na Mama haendi."

"Nani haendi?" sauti ya Mama ikatoka ndani.

Wakaanza kusema wote kwa pamoja, Dada, Madamu, mabinti, Mama akigonga fimbo sakafuni akidai apewe pacha wake, na ndani ya kelele hizo geti likalia. Akaingia Nahodha. Mkewe alikuwa amemshika kiwiko, kidogo tu, kama watu wanaotembea kwa mapenzi. Mkono wa pili Nahodha alikuwa amebeba ndoo mpya ya bluu, karatasi ya dukani bado imeganda kwenye tumbo lake.

"Kelele za nini?" akauliza. "Nimewasikia toka njia panda."

Dada akamweleza. Nahodha alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akageuka kuelekea ile rangi ya kijani.

"Madamu, mimi nimeendesha mabasi miaka thelathini na nne, sijamkwaruza hata kuku."

"Nimeambiwa," Madamu akasema. "Na kila mtu."

"Tangu huyu mdogo wangu ashike spana, sijatoka stendi na gari ambalo hajalitia mkono. Leo mguu wangu haupandi hapo kabla hajalala chini yake. Na nisipopanda mimi, Mama hapandi."

"Kaka," Dada akasema polepole, "si wewe uliyesema breki zake mbovu?"

Nahodha alibadilisha mkono wa ndoo.

"Nilisema," akasema. "Sasa nasema hivi."

Madamu aliwatazama mmoja mmoja, akaona familia yenye wazimu wa aina yake, akatupa funguo. Breki akazidaka, akalipeleka gari gereji.

Ulikuwa ni mafuta ule unyevu. Mpira mdogo kwenye gurudumu la nyuma ulikuwa umechoka, unavuja kidogo kidogo, wa kukufikisha mpakani ukiwa unacheka na kukuacha katikati ya mteremko. Madamu alipoonyeshwa aliketi kwenye tairi kuukuu, kisha akauliza kama fundi anaweza kumwangalia na gari lake la pili.

Alasiri hiyo hiyo wakatoka nyuma ya gereji. Nahodha alijaza ndoo mwenyewe bombani, akaibeba maji yakimrukia suruali. Breki alichora mstari, mwembamba wa siku zote. Wakasimama wawili kando ya ukuta, wakimsubiri Madamu ageuze gari kule mwisho.

"Siku ile," Nahodha akasema, "chokaa uliweka?"

"Niliweka, kaka."

"Mstari ule ule?"

"Mpana zaidi. Shibiri mbili."

Nahodha akatikisa kichwa, taratibu, mara nyingi.

"Sikuiona," akasema.

Kule mwisho injini ikanguruma.

"Tukirudi utanipeleka kwa daktari wa macho," Nahodha akasema. "Dada yako asijue mpaka tuwe tumerudi. Atanitengenezea faili." Kisha, kwa ile sauti ya stendi, akamwita Mama Viti aliyekuwa anachungulia kibandani: "Na wewe! Mwambie yule wa matofali arudishe pikapu yake! Siku ile breki hazikuwa na kosa, kosa lilikuwa la dereva!"

"Dereva gani?" Mama Viti akapaza sauti, mchokozi.

"Mmoja hivi! Amestaafu!"

Gari la kijani likaja. Likagusa chokaa, likainama mbele, likasimama. Maji ndani ya ndoo yakatikisika mara moja, yakatulia, na hakuna tone lililoruka ukingo. Breki alihesabu hatua zilizobaki. Nne. Akahesabu tena.

Wiki iliyofuata waliondoka, na Breki hakutulia mpaka mpakani, na baada ya mpaka ndiyo kabisa. Madamu alihamia kulia kama mtu aliyezaliwa huko. Nahodha alikaa kiti cha mbele pembeni yake, kidevu juu, na Breki nyuma yake, daftari mapajani. Mama alikuwa anaimba wimbo wa pacha. Ukungu ukaanza, barabara ikainama, na pembeni kikatokea kibao kikubwa cha njano.

Nahodha akageuza kichwa kidogo, bila kugeuka.

"Kinasemaje kile?"

Breki akasogea mpaka karibu na sikio lake. "Mteremko mkali, kaka. Kilomita kumi na nane. Tumia gia ndogo."

"Nilijua," Nahodha akasema. Kisha akamgeukia Madamu. "Umesikia? Gia ndogo."

"Nimeshaweka," Madamu akasema.

Mguu wa Breki, peke yake huko nyuma ambako hapakuwa na kitu cha kukanyaga, ulikuwa umekanyaga mpaka mwisho.